Maneno Yaliyompeleka Lukumani Wamaza

Mjomba wangu Lukumani alikuwa mtu wa kuosha vidonda. Aliianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na minane, katika dispensari ya hapa Kasongo, na kama mambo yangekwenda sawa angeifanya mpaka uzeeni. Baba yake, Faradji, alikuwa fundi wa kushona kanzu katika mtaa wa Waislamu. Shule za wakati ule zilikuwa za mapadri, na babu hakutaka mwanawe aende kwa mapadri, kwa hiyo Lukumani alisoma chuoni tu, Kurani na herufi za Kiarabu. Herufi za kizungu alijifunza mwenyewe kwenye chupa za dawa. Akaandika nazo jinsi sikio lake lilivyosikia, hakuwa na njia nyingine. Mama yangu, Faida, alikuwa dada yake mkubwa, na karibu yote ninayosimulia nimeyapata kwake.

Mwaka wa 1943 Bula Matari, ndivyo watu walivyoiita serikali ya Wabelgiji, ilitafuta waosha vidonda wa kupeleka vitani. Haikuuliza nani anataka. Lukumani alikuwa ameoa miezi miwili nyuma. Mkewe, Mwanvua, binti wa Hemedi mwenye duka la vitambaa, aliamka mapema siku ya safari akampikia wali na kuku, naye akala matonge mawili tu. Kisha akapanda lori. Baada ya lori ikawa treni, kisha ziwa, kisha treni nyingine, mwisho meli ya jeshi ambayo ndani yake hakujua mchana wala usiku.

Nchi waliyofikishwa iliitwa Bama, yaani Burma, huko Asia. Mvua ya huko, alimwambia mama, haikuja na kwenda kama yetu. Ilikaa. Wakongo walikuwa na hospitali yao ya mahema chini ya madaktari wa Kibelgiji, wakifuata nyuma ya askari wa Kenya na Tanganyika waliokuwa chini ya Waingereza. Majeruhi waliletwa kwa magari, kwa machela, wengine mgongoni mwa wenzao, matope yamewaganda mpaka usijue kidonda kinaanzia wapi. Lukumani aliwaosha. Alifanya hivyo kwa miezi mingi na hakupenda kuieleza.

Aliyependa kumweleza ni sajini mmoja wa Kiingereza, jina lake Renshaw. Kwenye ulimi wa Lukumani lilikuwa Renso, na mwenyewe alilikubali hivyo. Bomu la ardhini lilikuwa limemrushia mawe usoni, akafungwa bendeji kutoka kwenye paji mpaka puani. Daktari hakusema kama ataona tena au hataona. Alisema tungoje. Renso alikuwa ameishi na askari wa Afrika miaka mitatu, akakijua Kiswahili cha amri na cha kambini, na kwa Kiswahili hicho wakaanza kuongea.

Siku ya kwanza Lukumani alimpa chai akamwambia, kikombe hiki hapa. Renso alikipapasa, akauliza, "Kikombe namna gani?"

"Kikombe tu, Bwana. Nyeupe."

"Hapana. Kikombe nyeupe iko elfu. Hii moja iko namna gani?"

Lukumani akakitazama kikombe, na alisema baadaye kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kukitazama kikombe. Kilikuwa cha bati lililopakwa rangi nyeupe, na ukingoni rangi ilikuwa imemeguka sehemu mbili, weusi wa bati ukatokeza. Akasema hivyo. Renso akafurahi, akampa neno la Kiingereza la kitu kilichomeguka ukingoni: "chipt". Ndivyo Lukumani alivyolisikia, na jioni ile ndivyo alivyoliandika katika daftari lake la mistari.

Kwao, kabla ya vita, Renso alikuwa karani wa mnada. Mtu akifa na warithi wakitaka kuuza vyombo vyake, Renso alitumwa nyumbani kwa marehemu kuandika kila kitu na hali yake, meza kwa meza, shuka kwa shuka, ili mnunuzi asidanganywe. Miaka kumi alifanya hivyo. Alijua maneno ya vitu vya kawaida kuliko mtu anavyojua majina ya watoto wake, na sasa macho yamefungwa, hakutaka vitu vimponyoke. Kila asubuhi alimuuliza Lukumani kuna nini leo, na Lukumani alimweleza kilichokuwapo. Blanketi ambalo si bichi wala si kavu: "damp". Uji wenye madonge: "lumpi". Stuli inayoyumba kwa sababu mguu mmoja umepungua: "wobli". Hema lililochujuka rangi kwa jua na mvua: "feded". Shuka lenye doa lisilotoka hata ukilichemsha: "steind". Renso hakukubali neno liwekwe mahali ambapo si pake. Lukumani alipoliita blanketi "damp" nalo limelowa chapachapa, alimrudisha alishike tena kwa mkono.

Wiki saba walifanya hivyo. Mama alimuuliza, ilikuwa raha gani kuhesabu madoa ya shuka na watu wanakufa kitanda cha pili? Alimjibu kwamba ndiyo saa pekee ya siku ambayo macho yake yalitazama kitu kisicho na damu.

Kisha siku moja alipelekwa kupokea majeruhi ng'ambo ya mto, na aliporudi baada ya siku mbili kitanda cha Renso kilikuwa na mtu mwingine. Wagonjwa walikuwa wamehamishwa kwa ndege. Bendeji ya Renso haikuwa imefunguliwa bado. Kama aliona tena, kama alifika kwao, Lukumani hakujua. Hakukuwa na anwani. Hakukuwa na salamu iliyoachwa, au kama ilikuwapo, aliyeachiwa alisahau.

Alirudi Kasongo mwaka wa 1946, mwembamba, na medali katika karatasi. Mwanvua alikuwa amemngojea. Walipewa kazi na nyumba katika kituo kidogo cha serikali, katikati ya njia ya kwenda Kabambare. Palikuwa na dispensari ya vyumba viwili, ghala la pamba, na nyumba ya ajenti, Mzungu mwakilishi wa serikali, yenye baraza ya nguzo za miti. Mama alikwenda kuwatembelea mara moja na akasema walikuwa wanaishi vizuri. Mwanvua alikuwa amepanda mchicha na mabamia. Lukumani alikuwa anasemwa vema na wagonjwa, ila walimwona ana tabia moja ya ajabu. Kabla ya magharibi, kazi ikiisha, alikaa kwenye ngazi ya dispensari akatazama vitu vitatu, akaandika.

Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye Kiingereza, kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Aliogopa maneno yataondoka. Kwa hiyo kila siku alichagua vitu vitatu vya kituoni, akaviandika kama Renso alivyomfundisha, kitu na hali yake. Ndoo ya maji ya dispensari. Mlango wa ghala. Kiatu cha karani. Mwanvua alimuuliza mara moja anaandika nini, akamsomea, naye akacheka mpaka akashika ukuta kwa kusikia kwamba mkeka wake umeandikwa kwa Kiingereza kuwa umechakaa upande wa miguu. Mama alikuwapo, akacheka pia. Alikuwa akisema hicho ndicho kicheko cha mwisho alichokisikia katika nyumba ile.

Mwaka wa 1947 kulipita maneno ya Kitawala. Hiyo ilikuwa dini iliyokatazwa na Bula Matari, kwa sababu wahubiri wake walisema mwisho wa utawala wa Wazungu umekaribia, na vitabu vyake vilitoka nchi za kusini, vimeandikwa Kiingereza. Watu wawili walikamatwa na vitabu hivyo upande wa machimbo ya dhahabu. Amri ikatoka kwamba kila mtu mweusi ajuaye kusoma, aliye katika kazi ya serikali, nyumba yake ipekuliwe. Kituoni pale watu wa namna hiyo walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Octave, karani wa ajenti, kijana wa Kikristo aliyesoma kwa mapadri na kujua Kifaransa. Wa pili alikuwa Lukumani.

Askari hawakuhangaika. Daftari lilikuwa juu ya meza, wazi.

Ajenti alikuwa mpya, miezi minne tu nchini, Kiswahili chake hakikutosha. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza, akakaa nayo siku nzima na daftari pembeni. Aliyapata maneno mawili matatu tu. Hakuna kamusi iliyo na "chipt" wala "wobli", na Lukumani alikuwa ameandika kurasa arobaini na sita za namna hiyo. Ajenti akaamini kwamba ile ni lugha ya siri. Jumanne asubuhi akamwita Lukumani ofisini, na Octave akasimama kati yao kutafsiri.

Mambo mengi aliyoulizwa yalikuwa mepesi na aliyajibu. Alisema alifundishwa na sajini wa Kiingereza huko Bama. Akaulizwa sajini huyo yuko wapi aandikiwe barua, akasema hajui. Akaulizwa nani mwingine anasoma maneno haya, akasema hakuna. Basi anamwandikia nani? Akasema anajiandikia mwenyewe. Ajenti aliandika jibu hilo na kulipigia mstari. Lukumani akasema yeye ni Mwislamu, na Kitawala ni dini ya watu wa Biblia, yeye ana shughuli gani nayo. Ajenti akasema hiyo haimhusu. Alichotaka kujua ni kwa nini mtu mweusi avuke bahari, akae na sajini wa jeshi jingine, ajifunze jinsi ya kusema kikombe kimemeguka. Hakuna mtu anayejifunza jambo kama hilo, alisema. Lazima kikombe kiwe na maana nyingine.

Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, akaweka kidole. Hapo kulikuwa na maneno aliyoweza kuyakisia bila kamusi. Lukumani alikuwa ameandika: "Hausi ya ajenti. Old. Damp. Ful of anti. Redi tu fol."

Octave akasema, "Bwana anataka useme hii kwa Kiswahili. Neno kwa neno."

Lukumani hakusita. Alikuwa bado anaamini kwamba akieleza vizuri itakwisha. Akasema, "Nyumba ya ajenti. Iko ya zamani. Iko na unyevu. Imejaa muchwa. Iko karibu kuanguka."

Octave akayapeleka kwa Kifaransa, taratibu. Ajenti akauliza swali fupi.

"Anauliza," Octave akasema, "muchwa ni nani."

"Muchwa ni muchwa. Wanakula nguzo ya baraza, upande wa jikoni. Bwana aende kutazama tu, iko hatua ishirini kutoka hapa."

Ajenti hakuinuka. Alimgeukia Octave akamuuliza, na Lukumani aliyaelewa maneno hata bila Kifaransa, kama yeye Octave amewahi kuona mchwa katika nyumba hiyo. Octave alikuwa anapanda baraza ile kila asubuhi na kila jioni. Akatazama chini, akasema hapana.

Wakamfunga Lukumani katika ghala la pamba wiki sita, mpaka karatasi ilipofika. Ilisema yeye ni mtu wa hatari kwa utulivu wa watu, na kwamba ataondolewa akakae mahali pa kutazamwa, bila kuhukumiwa na bila kutajwa miaka mingapi. Mahali hapo palikuwa kijiji cha Wabangubangu, mwendo wa siku moja kutoka Wamaza. Hakuruhusiwa kutoka nje ya kijiji. Angelima pamba kama wengine. Kila Jumatatu angejionyesha kwa mtu wa chifu. Asingeshika dawa wala kumtibu mtu yeyote. Medali ilichukuliwa, na daftari pia.

Alipelekwa kwa miguu kati ya askari wawili, mvua za Aprili zikinyesha. Mwanvua alitaka kumfuata. Baba yake, Hemedi, alikuja kituoni na lori la rafiki yake, akampakia pamoja na vyombo, akamrudisha Kasongo. Hemedi hakuwa mtu mbaya. Duka lake lilihitaji kibali cha Wazungu kila mwaka, na alikuwa na watoto wengine sita.

Kijijini kule Lukumani hakujua lugha. Alijengewa kibanda mwisho wa safu, karibu na mahali pa kutupia taka, na watu waliambiwa wasimzoee. Mikono yake haikuwa ya jembe. Mwaka wa kwanza pamba yake ilikuwa kidogo mno, akatukanwa mbele ya watu siku ya kupima. Alikula mihogo na sombe, majani yake ya kutwanga, siku nyingine mihogo peke yake. Alisali peke yake, maana pale hapakuwa na Mwislamu mwingine.

Lakini habari ya kazi yake ya zamani ilikuwa imefika kabla yake. Siku moja mjane mmoja, Célestine, alimleta binti yake wa miaka minane mwenye donda mguuni, limekula mpaka karibu na mfupa. Alimkalisha mtoto mlangoni. Lukumani akamwambia hawezi, amekatazwa. Célestine hakuondoka. Wakakaa hapo wote watatu mpaka jua lilipofika utosini. Mwisho Lukumani akamwambia achemshe maji, atie chumvi, aoshe mara tatu kwa siku, afunike kwa kitambaa alichokichemsha. Hakumgusa mtoto. Alisema kwa mdomo tu, tena kwa kutumia mikono zaidi, kwa sababu Kibangubangu kilikuwa hakijamjia. Mtu wa chifu akasikia. Jumatatu iliyofuata Lukumani alilazwa chini akachapwa viboko vinane.

Mtoto alipona, akabaki anachechemea.

Mwaka wa 1949 mama alikwenda kumwona. Alisafiri siku tano, kwa lori mpaka Kabambare na kwa miguu mpaka huko, akiwa amebeba chumvi, sabuni, na ujumbe. Mzee Hemedi alitaka talaka. Mwanvua alikuwa amengoja miaka mitatu ya vita na miwili ya uhamisho, na karatasi haikusema itakwisha lini. Kulikuwa na mtu wa Kindu aliyemposa. Mama alikuwa amejizoeza maneno njiani, lakini alipomwona ndugu yake, alivyokonda, na kovu la viboko likionekana juu ya mkanda, alishindwa. Walikula kwanza. Lukumani ndiye aliyeanza.

"Yaya," alimwambia, kwani huku kwetu ndivyo tunavyomwita dada au kaka mkubwa, "wewe hukutembea siku tano kuleta chumvi."

Mama akamwambia. Lukumani alisikiliza, akauliza kama Mwanvua mwenyewe anataka. Mama alijibu kweli: kwamba Mwanvua alilia, na kwamba hakusema ndiyo wala hapana, alisema amechoka. Lukumani akasema basi. Akaomba karatasi, akaandika talaka kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri aliofundishwa chuoni, akaikunja mara nne. Asubuhi alimsindikiza mama mpaka mwisho wa mashamba, mahali ambapo hakuruhusiwa kupita. Mama alisema alipogeuka mara ya pili, alimkuta ameshaanza kulima.

Octave alikwenda miaka miwili baadaye. Yeye alikuwa amepandishwa, sasa akifanya kazi Kabambare, na alipita kijijini kwa baiskeli na karatasi za kuhesabu watu. Angeweza kupita bila kusimama. Alisimama. Lukumani alikuwa anaezeka kibanda chake, akashuka, wakasalimiana kwa adabu kama watu waliozoeana. Octave akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akasema bila kuulizwa.

"Yaya Lukumani, muchwa niliwaona."

Lukumani akasema anajua.

Octave akaendelea. Mwezi mmoja kabla ya daftari kupatikana, ajenti alikuwa amemwagiza ahakikishe nguzo zote za baraza zimepakwa mafuta machafu ya lori, mchwa wasiingie. Alisahau, kisha akasema zimepakwa. Ajenti alipomuuliza siku ile kama ameona mchwa, alijiona yeye ndiye atakayefukuzwa kazi, na mkewe alikuwa na mimba. Alidhani Lukumani atafungwa wiki moja tu, kwa ajili ya daftari. Hakujua itakuwa hivi. Kwa miaka minne alikuwa anataka kusema.

Baadaye, aliporudi Kasongo, mama alimuuliza Lukumani alimjibu nini. Alimwambia kwamba aliuliza tu. Alimuuliza Octave kama mtoto alizaliwa salama, Octave akasema ndiyo, msichana, Émérance. Akamuuliza kama anaweza kusema hayo kwa ajenti, au kwa mkubwa mwingine yeyote, sasa. Octave akainuka, akashika baiskeli yake. Kisha akasema ajenti yule amesharudi Ulaya, na wakubwa wa sasa hawapendi kufungua mambo ya zamani. Lukumani akamwonyesha njia fupi ya kufika kijiji cha pili kabla ya mvua, akapanda tena juu ya paa.

Karatasi ya kumfungua ilifika mwaka wa 1955. Haikusema kosa limefutwa, ilisema tu kwamba amri imekwisha. Alirudi Kasongo mwezi wa Agosti, nami nilikuwa na miaka kumi na minne, namkumbuka. Mama alikuwa amempigia lipu chumba cha uani na kumnunulia kitanda cha kamba. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, akionekana kama rika la babu. Watu walimsalimu kwa mbali. Waliofanya naye kazi dispensarini hawakuwapo tena, na wapya walimwomba karatasi ambazo hakuwa nazo. Mtaani ilijulikana kwamba Mwanvua yuko Kindu na ana watoto watatu. Hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuuliza.

Alikaa barazani siku nzima. Ukimuuliza chakula kikoje, alisema kipo. Ukimuuliza amelalaje, alisema amelala. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mjomba wangu anajua Kiingereza, jambo ambalo msichana mwingine yeyote wa Kasongo hakuweza kulisema kuhusu mjomba wake, na nikamwendea siku moja nikiwa nimebeba sahani ya bati niliyokuwa naisugua. Nikamwomba anifundishe neno moja tu. Akaichukua sahani, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni polepole. Nikaona midomo yake inataka kusogea.

"Nimesahau, mama," akaniambia. Akanirudishia sahani.

Hakukaa mwezi. Alimwambia mama kwamba pamba yake itakuwa imeota majani, na kwamba Célestine, yule mjane, peke yake hataweza mashamba mawili. Hapo ndipo mama alipojua kwamba kuna Célestine. Alimuuliza kama ni mkewe, akasema wanapika chungu kimoja. Mama alikasirika kidogo, kisha akafunga kanga mbili, moja ya Célestine na moja ya binti mwenye kuchechemea, akampa. Hatukumwona tena.

Alikufa mwanzoni mwa Desemba mwaka wa 1958, kifua kikimbana. Habari ilitufikia baada ya wiki tatu, kwa mdomo wa mchuuzi wa dagaa. Mama akafunga safari ile ile ya siku tano. Alikuta kaburi limeshasawazishwa na mvua, na Célestine akipalia kando ya mawe matatu yaliyowekwa ili lijulikane. Mtu wa kumsomea dua hakupatikana, Célestine alisema, kwa hiyo katekista wa kijiji alisimama pale na kunyamaza, kwa kuwa hakujua aseme nini juu ya Mwislamu. Mama alisoma yale aliyoyajua.

Walikaa pamoja wakizungumza, Célestine kwa Kiswahili chake cha Wamaza. Alisema Lukumani alikuwa mtu mpole, wa kufanya kazi, asiyelewa, na kwamba miaka yote hiyo hakumwinulia mkono. Mama akamuuliza kama alikuwa anamsemesha Kiingereza siku nyingine, au anaandika.

"Kiingereza gani?" Célestine akauliza.

Mama akamweleza, kutoka mwanzo, vita na sajini na daftari. Célestine alisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa ameambiwa, na kijiji chote kilikuwa kimeambiwa, kwamba Lukumani aliiba dawa za serikali. Alikuwa ameishi naye akijua ni mwizi, akamsamehe, na hakuwahi kumtajia. Wala Lukumani hakuwahi kumwambia vingine. Alifunika uso kwa kanga akalia, zaidi, mama alisema, kuliko alivyolia kwa ajili ya kifo chenyewe.

Mawingu ya mvua yalikuwa yanatanda na karanga zilikuwa bado ardhini, shamba zima, Lukumani alikuwa amezipanda kwa mikono yake Septemba. Zingeoza. Mama akabaki siku nne. Waling'oa pamoja, Célestine, binti yake na mama, wakazianika juu ya mikeka mbele ya nyumba na kuzikusanya kila mvua ilipotishia. Siku ya tano mama akaoga, akafunga mzigo, akashika njia ya Kabambare.